Swali la Zubeda

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Elimu haimfuati aliyenyamaza. Hutafutwa kwa ulimi. Lakini ulimi wa Zubeda, binti wa Hamisa, fundi cherehani wa Mbagala, ulikuwa na kigugumizi.

Katika shule yake ya kwanza watoto walijazana darasani kama dagaa guniani. Siku aliyonyoosha mkono, neno lilimkwama kooni, darasa likaangua kicheko, na mwalimu, aliyelemewa na wingi wa wanafunzi, akamwambia akae. Tangu hapo Zubeda akawa kimya kama maji mtungini. Alifika darasa la nne akisoma kwa kubahatisha.

"Shule imemshinda huyu," alisema baba yake, Khalfani. "Mfundishe cherehani."

"Cherehani atajifunza, baba Zubeda. Lakini kusoma kwanza."

Hamisa alijifunga kibwebwe. Aliulizia huku na kule hadi akampata mwalimu Bernadeta, aliyefungua shule ndogo katika nyumba ya mtaa wa pili. Wanafunzi hawakuzidi kumi na watano, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akifundishwa kuanzia pale alipokwamia.

"Shule gani haina hata kengele?" Khalfani alibeza, wala hakutaka kujua zaidi. Alikubali kwa shingo upande, na kwa muhula mmoja tu.

Muhula ulipokaribia kwisha, alikwenda kumwondoa binti yake. Aliwakuta watoto wameketi mkekani, akasimama kimya mlangoni.

"Nani ana swali?" aliuliza Bernadeta.

Zubeda akanyoosha mkono. "Kwa... kwa... kwa..."

Khalfani aliinamisha uso akingoja kicheko. Hakikuja. Wenzake Zubeda walimsubiri, na hakuna aliyemmalizia neno. Zubeda akavuta pumzi, akaanza upya.

"Kwa nini maji ya kisima chetu ha-hayatoi povu la sabuni?"

"Wewe unadhani kwa nini?"

"Yana chumvi."

"Tutajuaje?"

Zubeda akafikiri. "Tuyachemshe mpaka ya-yakauke."

Sufuria ikabandikwa jikoni. Maji yalipokauka, chini ulibaki unga mweupe. Zubeda akaandika alichokiona, kisha akasimama akakisoma kwa kigugumizi kilekile, bila kuruka neno hata moja.

Khalfani alisogea ndani asikie vizuri. Hakuwahi kumsikia mwanawe akisoma.

"Mwalimu, nilikuja kumwondoa," alisema watoto walipotoka. "Mie sijakuuliza hata siku moja unafundishaje."

"Uliza basi, baba Zubeda."

Khalfani akavua viatu, akaketi mkekani. Aliuliza kuhusu vitabu, mitihani na usajili, na kila jibu likamzalia swali jingine, hadi adhana ya alasiri ikamkuta papo hapo. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba muhula ujao atampeleka Zubeda yeye mwenyewe.

Kigugumizi hakijamtoka Zubeda hadi leo, lakini hakuna siku anayorudi nyumbani na swali aliloogopa kuliuliza. Baba na binti wamejionea wenyewe: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.