Jina kwenye Paji la Lori

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ile ambayo matope yake hayajakauka kwenye viatu vya waliokuwapo, alikuwako dereva mmoja katika milima ya Rungwe, jina lake Gwakisa. Aliendesha lori la ushirika wa maziwa. Asubuhi alipanda nalo hadi Lukwego, kijiji cha juu kabisa, akapakia madumu. Adhuhuri aliteremka nayo hadi mjini, kwa barabara yenye kona kumi na tisa na bonde refu upande wa kushoto.

Gwakisa alikuwa na maradhi. Hayakuwa ya kifua wala ya miguu. Yalikuwa maradhi ya hisia kupanda na kushuka. Yako majuma alipanda: akalala kidogo, akasema sana, akaona kila kona imenyooka. Yako majuma alishuka: akanyamaza, mikono ikawa mizito, hata salamu ikamshinda. Hospitalini waliyaita bipola. Kabla hajalijua jina hilo, siku moja aliteremka mlima akiimba, mguu hauigusi breki, mpaka gurudumu la mbele likaning'inia juu ya kijito. Kando yake alikaa utingo wake, Ambilikile, mtu mzima mwenye mvi, ambaye siku hiyo aliacha meno mawili kwenye dashibodi.

Baada ya tiba ya miezi mingi, tabibu alimwambia kwamba ataendesha tena, lakini si kila siku, na si kwa uamuzi wake peke yake. Basi watu watatu wakaweka agano.

Tumpe, mke wa Gwakisa, alikabidhiwa ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la khanga, na kila alfajiri akamuuliza mumewe maswali mawili: umelala kwa saa ngapi, na dawa umemeza? Usingizi ukiwa chini ya saa sita, ufunguo haufunguliwi pindoni.

Ambilikile alikabidhiwa gogo. Lori lilikuwa kuukuu, breki yake ya mkono haikuaminika, kwa hiyo kila liliposimama mlimani liliwekewa gogo mbele ya gurudumu. Gogo halikuondolewa mpaka Ambilikile ayatazame macho ya dereva na kuridhika nayo.

Na Gwakisa mwenyewe alikabidhiwa karatasi. Aliiandika siku ya utulivu, kwa kuwa alipenda kupanga maneno, akaibandika juu ya usukani, mahali ambapo jicho haliwezi kuikwepa:

Usingizi ukitoka, kichwa kikawa angani,
Hata watu wakicheka, wakusute hadharani,
Maziwa yakichachuka, yamwagwe yote njiani,
Mimi ni wewe, kumbuka. Gwakisa, shuka garini.

Ufunguo, gogo, karatasi. Kwa vitu hivyo vitatu waliteremka mlima mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata wa nane, wasimguse mtu wala ndama. Majirani waliwatania. Walisema lori la Lukwego lina dereva mmoja na mahakimu wawili. Ambilikile aliwajibu kwamba yeye ameshatoa meno mawili kama ada ya kesi, na hana mpango wa kukata rufaa.

Mwaka wa tisa, mama yake Tumpe akafariki dunia huko huko Lukwego. Na desturi ya ukoo ule ni hii: wanaume hukesha nje, kando ya moto, siku tatu, na mkwe hukaa karibu kabisa na moto ili aonekane. Mkwe akienda kulala, husemwa kwamba hakumpenda marehemu, na mkewe hubeba neno hilo mpaka naye azikwe.

Tumpe alijua mumewe hapaswi kukesha. Hakusema, kwa sababu ya ukoo wake. Ambilikile alikuwapo na alihesabu usiku mmoja, wa pili, wa tatu. Hakusema, asije akaitwa mtu aliyemng'oa mkwe kwenye moto. Gwakisa alijua kuwashinda wote wawili. Naye hakusema, maana ilikuwa mama mkwe wake, na alimpenda.

Asubuhi ya nne Gwakisa aliinuka motoni bila kuwa amelala. Macho yalimng'aa. Aliwasalimia watu wote kwa majina, na ng'ombe kwa majina, akaahidi kuezeka upya nyumba ya marehemu kabla ya jioni. Madumu arobaini ya maziwa yalikwisha pakiwa. Waombolezaji kumi na sita, shangazi na wajukuu, walitaka kurudi mjini, naye akawaambia wapande wote, nafasi ipo. Kisha akamwendea mkewe.

Mara ya kwanza aliomba ufunguo kwa upole. Tumpe akamuuliza amelala kwa saa ngapi. Akacheka, akasema usingizi ni kazi ya wasio na kazi. Tumpe hakutoa.

Mara ya pili aliomba kwa haraka. Tumpe akasema atapigiwa simu dereva mwingine wa ushirika, atafika kesho, watu wasubiri. Shangazi zake wakaanza kunong'onezana. Tumpe hakutoa.

Mara ya tatu Gwakisa aliomba kwa sauti, ukoo mzima ukisikia. Tumpe hakutoa. Hapo akasimama mjomba wa Tumpe, Mzee Mwaipaja, ambaye tangu mama afariki ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba.

"Mwanangu," alisema, "kaburi la mama yako bado bichi. Unamvua mumeo nguo mbele ya wakwe zake?"

"Mjomba, mume wangu anaumwa."

"Anaumwa, na anacheka hivi? Mtu aliyekesha nasi siku tatu ndiye mgonjwa, sisi tuliosinzia ndio wazima? Toa ufunguo."

Tumpe alipiga magoti mbele ya mjomba wake na kumsihi. Mzee hakubadilisha neno. Ndipo Tumpe akalifungua pindo. Ila hakumpa mumewe. Aliuweka ufunguo chini, kwenye majani, akasema kwamba mkono wake haukuutoa, na anayeutaka auokote.

Gwakisa akauokota.

Waombolezaji wakapanda, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni. Gwakisa akaingia, akaketi kwenye usukani, akamwita utingo aondoe gogo. Ambilikile akaenda mbele ya lori, akayatazama macho ya dereva kupitia kioo. Kisha akaketi juu ya gogo, kwenye tope, akaegemeza mgongo wake kwenye gurudumu.

Vijana wa ukoo wakamcheka. Mmoja akauliza kama mzee anaatamia, na vifaranga watatoka lini. Ambilikile akasema watatoka kesho, dereva mwingine akija. Mzee Mwaipaja akamwamuru aondoke. Akajibu kwa heshima kwamba yeye si wa ukoo ule, hivyo hana mjomba pale.

Gwakisa akatia ufunguo, akauzungusha nusu. Taa za dashibodi zikawaka. Alihitaji nusu nyingine tu. Akainua macho aitazame barabara, na macho yakakutana na karatasi.

Aliisoma mara moja, akacheka. Akaisoma mara ya pili, akakasirika, akaunyanyua mkono aichane. Hakuichana. Aliisoma mara ya tatu, polepole, kwa sauti, na wale walioketi nyuma wakamsikia alipofika kwenye mstari wa mwisho. Kisha akazima taa, akachomoa ufunguo, akafungua mlango, akashuka. Alimwendea Tumpe, akaurudisha ufunguo kwenye kiganja chake, akaingia ndani ya nyumba ya marehemu na kujilaza.

Siku ile waombolezaji walishuka kwa miguu huku wakilalamika. Maziwa yalichachuka, ndama na nguruwe wakanyweshwa. Kesho yake dereva mwingine alimteremsha Gwakisa hadi hospitalini, akiwa abiria, na miezi miwili hakugusa usukani. Mzee Mwaipaja hakula tena chakula katika nyumba ya Tumpe. Na siku ile mvua haikunyesha, ukungu haukushuka, barabara ilikuwa kavu. Hakuna ajuaye kama kona kumi na tisa zingewapokea salama ama la.

Tabibu alipompa ruhusa, Gwakisa alirudi kazini. Mwaka wa tisa ukaisha, na wa kumi ukaisha.

Sasa, ushirika ule una desturi. Lori likitimiza miaka kumi bila kumdhuru mtu wala mnyama, ushirika hununua lori jipya, na juu ya kioo cha mbele, kwenye paji la lori, huandikwa jina la aliyelilinda lile la zamani. Paji ni jembamba. Linatosha jina moja.

Siku ya sherehe fundi wa rangi alipanda ngazi na kopo lake la rangi nyekundu. Mwenyekiti wa ushirika, Bi Sekela, akamwambia aandike Gwakisa, kama ilivyo kawaida kuandika dereva.

"Ngoja kidogo, fundi," alisema Ambilikile. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wake wa kila siku. Hakuwa anatania. "Siku ile ya msiba ufunguo ulikuwa umeshaondoka pindoni, na dereva alikuwa kwenye usukani. Kati ya lori na mteremko palibaki kitu kimoja, nacho ni mgongo wangu. Mke alimzuia mumewe, mume akajizuia mwenyewe. Mimi sikuwa na undugu na yeyote pale, ningeweza kuondoka na maisha yangu. Andika Ambilikile."

Tumpe akasogea mbele. Kwa heshima alimkumbusha Ambilikile kwamba yeye alikaa kwenye gogo mara moja, ila ufunguo uliombwa mara tatu.

"Nilikataa mara tatu," alisema, "na kila mara nilimkataa mtu ninayelala naye nyumba moja, mbele ya watu walionilea. Wewe ulichekwa na vijana, baba, kesho yake wakasahau. Mimi mjomba wangu hajala kwangu mpaka leo. Kama ningeutoa ufunguo alfajiri, kabla watu hawajaamka, wewe ungekuwa bado unatafuta viatu, na karatasi ingesomwa bondeni."

"Lakini uliutoa, mama," alisema Ambilikile.

"Niliuweka chini."

"Na chini ndipo ulipookotwa."

Watu wakamtazama Gwakisa. Usiku uliotangulia alikuwa amelala kwa muda wa saa saba, na sauti yake ilikuwa tulivu.

"Mke wangu aliniona mgonjwa, akanikataza," alisema. "Utingo wangu aliniona mgonjwa, akanizuia. Wote wawili waliona hatari, na anayeiona hatari huikimbia. Mimi sikuiona. Barabara ilikuwa inang'aa mbele yangu kama imepigwa pasi. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba siku ile siwezi kukosea. Na gogo, mzee wangu, lilizuia mbele tu. Nyuma palikuwa na uwanja mzima wa kurudi na kulizunguka. Nilikuwa na ufunguo, nilikuwa na njia, sikuwa na hofu hata chembe. Nilishuka kwa sababu mtu wa siku nyingine aliniandikia nishuke, nami nikamwamini kuliko macho yangu. Andikeni Gwakisa."

"Na nani aliyekesha siku tatu?" aliuliza Tumpe. "Agano ulilivunja kwanza wewe, kwenye moto, kabla ya ufunguo kuombwa."

"Nilikesha kwa ajili ya mama yako."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza."

"Na mimi nilihesabu," alisema Ambilikile, "nikanyamaza pia."

Bi Sekela akawatazama mmoja mmoja. Alipendekeza yaandikwe majina yote matatu kwa herufi ndogo. Fundi akapima paji kwa kiganja, akatikisa kichwa: herufi ndogo hivyo hazitasomeka hata na mtu aliyesimama mbele ya bampa. Bi Sekela akapendekeza liandikwe jina la ushirika. Watatu wote, kwa sauti moja, wakakataa.

Basi fundi yuko juu ya ngazi mpaka sasa. Brashi imechovywa, tone la rangi limeanguka kwenye kioo kipya. Lukwego maziwa yamekwisha kukamuliwa, na lori halipandi mlima kabla ya kupewa jina. Yuko aliyekataa mara tatu akapoteza mjomba, lakini mwishoni akafungua pindo. Yuko aliyeweka mgongo wake mbele ya gurudumu, lakini nyuma aliacha wazi. Yuko aliyeshuka akiwa na kila kitu cha kumwezesha kwenda, lakini ndiye aliyekuwa akienda.

Nanyi mlioketi hapa mkisikiliza, msinijibu kwa kutazamana. Fundi anauliza, mkono umeanza kumchoka: aandike nani?