Viwavi Waliobaki

Ndugu zangu, mama mmoja alikuwa akilima kabichi bondeni. Mwaka wa kwanza viwavi walipoingia, alipuliza dawa mara moja tu, na kesho yake wakawa wamekauka kwenye majani. Akamshukuru Mungu. Mwaka wa pili ikabidi apulize mara tatu. Mwaka wa nne alikuwa akipuliza kila wiki, na viwavi wanakula tu, majani yangali yamelowa dawa.

Akamfuata muuzaji wa dawa sokoni. "Mwizi wewe! Unatuuzia maji!"

"Mama, dawa ni ileile," muuzaji akajibu. Watu hawakumwamini. Wakalihama duka lake.

Lakini neno lile lilimkaa mama kichwani. Ileile? Basi kilichobadilika ni nini? Akapanda mlimani kwa dada yake, ambaye hajawahi kupuliza dawa maishani mwake, akachukua viwavi kumi. Akachukua na kumi wa kwake. Akawaweka kwenye mabakuli mawili, akawapulizia wote kutoka chupa moja. Asubuhi wa dada yake walikuwa wamekufa wote. Wa kwake, tisa walikuwa wanatafuna.

Aliwatazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaenda kwa bwana shamba.

"Hawa wamejifunza kuizoea dawa?"

"Hapana, mama. Ule mwaka wa kwanza walikufa wote?"

"Karibu wote."

"Basi wale wachache walizaliwa na uwezo wa kuistahimili. Wenzao walipokufa, wao ndio waliobaki kuzaa, na watoto wakawarithi. Kila ulipopuliza uliondoa dhaifu, ukawaachia wagumu shamba."

"Kumbe nimewafuga mwenyewe. Na nimemwita mtu mwizi!"

Siku ya soko akamwomba radhi muuzaji mbele ya watu walewale. Kisha akang'oa kabichi zote, akapanda maharage, viwavi wasipate cha kula.

Na sisi je? Kila Jumapili tunatubu. Dhambi zinazokufa ni zipi? Si zile nyepesi, kauli mbaya ya jana, uvivu wa juzi? Ile ngumu tunaijua, tena kwa jina, lakini tunaipitia juu juu. Inabaki peke yake moyoni, inazaa. Halafu tunalalamika kwamba Neno halina nguvu siku hizi!

Ndugu yangu, leo usiniambie umetubu dhambi ngapi. Niambie ni ipi umeiacha hai.