Kiti Kimoja cha Kiwanda cha Korosho

Sikilizeni vizuri, maana uamuzi ni wenu.

Walikuwepo watatu pale Namkonda. Somoe alijaliwa mikono: akibangua korosho, punje hutoka nzima. Nandule alijaliwa masikio: boila ikikohoa, yeye hujua inaumwa wapi. Lukanga alijaliwa mdomo uliomchekesha hata mama mkwe wake.

Kiwanda chao cha serikali kilikuwa kimefungwa miaka mingi, popo wamehamia. Serikali ikakiuza kwa mwekezaji wa ng'ambo. Akaja, akatazama, akasema atang'oa mashine akifanye ghala; korosho zikabanguliwe huko kwao ng'ambo.

Lukanga akasimama mbele ya lori lililokuja kuchukua mashine. "Bosi, utanunuaje jiko usionje chakula chake? Tupe siku moja." Dereva akacheka, mwekezaji akacheka, lori likazimwa.

Nandule akaingia kwenye boila. Akagonga bomba, akasikiliza, akagonga tena. Alitoka mweusi kama sufuria, na mvuke ukapanda. Bila mvuke, ganda la korosho halifunguki.

Somoe akawaita wanawake wenzake. Mafuta ya mbarika, ya kukinga vidole, hayakutosha. Tone la mwisho akampa shoga yake, yeye akabangua mikono mitupu, utomvu wa maganda ukimbabua. Jioni gunia likajaa punje nzima, nyeupe.

Mwekezaji akatafuna punje moja, akachukua nyingine. "Mashine zibaki. Na kwenye bodi ya kiwanda nawapa wafanyakazi kiti kimoja. Nikitaka kufunga tena, atakayekikalia ndiye atakayenipinga."

"Kupinga ni kusema," Lukanga akawahi. "Na msemaji ni mimi."

"Utasema mpaka ununuliwe soda," Nandule akamkata. "Boila ikizimika, utapinga nini?"

"Na wewe ukienda vikaoni Dar, nani ataisikiliza?" Somoe akauliza.

"Na wewe dada, ukimya wako ndio utatutetea?" Nandule akamrudishia.

Somoe akavipuliza vidole vyake vilivyobabuka. Kiwanda kilipofungwa mara ya kwanza hakuna mbanguaji aliyeulizwa. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu, watoto wakimtazama. Alikitaka kiti kile. Lakini kila alipowatazama wenzake, aliona wanastahili pia.

Wafanyakazi wakapiga kura kwa kupanga mistari nyuma ya watatu hao. Mistari ikalingana. Mwekezaji akatazama saa. Gari lake linaunguruma.

Sasa wewe ndiye wa mwisho kuingia getini. Wote wamegeuka, wanakutazama. Utasimama nyuma ya nani?