Marimba Bila Maneno

Mwanamke mmoja, jina lake Nyembela, alikuwa na mume mpiga marimba na mtihani mmoja wa kurudia. Umri ulikuwa umesogea. Chuo cha uuguzi kilimwambia kwamba asipofaulu mwaka huo, basi tena. Kwa hiyo kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, aliketi uani na kitabu chake cha biolojia.

Ng'ambo ya ua majirani walikuwa wakichambua mchicha, na kumchambua yeye. Mama mzima, walisema, anashindana na watoto aliowazaa. Maneno yale yalimchoma. Akasoma ukurasa mmoja mara tano asiambulie kitu.

Mumewe, Chilewa, akamhurumia. Akachukua marimba yake ya mkono, yale ambayo Wagogo huyapiga kwa vidole gumba, akakaa kando yake akapiga na kuimba. Alimsifu mkewe: akili zake, subira yake, macho yake ya swala. Watu wakajaa uani, wakashangilia, wakamtuza mwimbaji. Nyembela alitabasamu, lakini moyoni alilia. Ulipofika mtihani wa majaribio, akaulizwa kazi za ini, na kalamu yake ikaandika macho ya swala.

Chilewa alipoambiwa alinuna, akayatundika marimba ukutani. Uani pakawa kimya, na maneno ya majirani yakarudi yote. Siku tatu Nyembela hakusoma. Siku ya nne akayatungua marimba, akamwekea mumewe mapajani.

"Piga, Baba Ndahani, ila usiimbe."

Kwa mtu aliyezoea sifa, hilo si jambo dogo. Chilewa akafumba mdomo, akapiga. Wasikilizaji wakangoja maneno, wakachoka, wakaenda zao. Hakuna aliyemtuza. Mlio ukatanda uani, umbea wa ng'ambo ukamezwa, na Nyembela akafungua ukurasa. Miezi miwili walikaa hivyo, yeye na kitabu, mumewe na vidole.

Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwa la pili kutoka juu. Alilia kwa furaha mbele za watu wala hakuona haya. Majirani wale wale wakapiga vigelegele, wakambeba juujuu hadi nyumbani. Chilewa hakutajwa na mtu, naye alitembea nyuma yao akiwa na furaha kuwapita wote.

Nawe unayemwombea mwenzako afike, unamsaidia afike, au unataka usikike?