Bakuli la Zimwi

Sogeeni niwaongopee. Mwaka wa njaa, zimwi lilimletea mjane Nyamvula bakuli la uji. Kwao bakuli la mtu halirudi tupu, akalirudisha na mbegu za mtama. Zimwi likazitafuna zote, likavimba tumbo. Likaja tena, akatia tena. Mara ya tatu mvua ilianza, na mbegu zimebaki kiganja kimoja.

"Umezoea kupewa, mvivu wee!" likacheka zimwi.

"Shamba langu zima limo tumboni mwako, na mvivu ni mimi? Shika bakuli lako!"

Tupu! Majirani wakashika vinywa. Zimwi likalamba bakuli, likanywea, likawa dogo kama kupe. Nyamvula akalikanyaga akienda kupanda.

Yangu ndiyo hiyo. Anayemwita maskini mvivu atuoneshe kwanza tumbo lake.