Kasa Aliyegonga Kioo

Hapo zamani, si zamani ile ya majini na wafalme, bali zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mji wa pwani uliojenga Jumba la Samaki. Watu waliingia humo kutazama samaki wa kila rangi wakiogelea nyuma ya vioo. Katika tangi la katikati alikaa kasa jike, mpana kama sinia la pilau ya harusi. Mkasa wenyewe ni wa huyo kasa na watu watatu. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza.

Wa kwanza ni Bwana Tindwa, msimamizi wa Jumba. Yeye ndiye aliyemkuta kasa ufukweni amepinduliwa chali, na wachinjaji wananoa visu. Aliwasihi, wakamtukana. Akasimama kati yao na kasa, wakamsukuma akaanguka. Akainuka, akasimama palepale, mpaka wenyewe wakachoka wakamwachia.

Wa pili ni Kombo Ngwali, mlishaji. Kasa alipofikishwa Jumbani alikuwa na jeraha la ndoana kooni, hali chakula, hajigeuzi. Kombo aliingia ndani ya maji, akampakata kama mtoto mchanga, akamtia mdomoni ngisi kipande kwa kipande. Kasa akapona. Ila tangu hapo hakutaka chakula kingine isipokuwa kilichotoka mkononi mwa mtu.

Wa tatu ni Bi Mboni, mwalimu wa chekechea, na kuanzia hapa tufuatane naye yeye.

Siku moja Bi Mboni aliwapeleka watoto wake Jumbani. Wakamkuta kasa anakwenda mpaka pembe ya tangi, anagonga pua kwenye kioo, anageuka. Anakwenda pembe ya pili, anagonga, anageuka. Pua ilikuwa imechubuka, nyama nyeupe inaonekana.

"Mwalimu, anapiga hodi," akasema binti mmoja.

Basi watoto wote wakabandika viganja kwenye kioo wakaitikia, "Karibu, karibu." Bi Mboni akataka kuwaeleza kwamba ile si hodi. Akawaacha waitikie. Aliwarudisha watoto shuleni, kisha yeye akarudi Jumbani peke yake.

Akamwendea Bwana Tindwa. "Bwana Tindwa, yule kasa anaumia. Tangi ni dogo."

"Najua, Mwalimu. Tunajenga bwawa kubwa. Bado kidogo. Kamuulize Kombo, yeye ndiye anakaa naye."

Akamwendea Kombo. "Kombo, yule kasa anaumia."

"Najua, dada. Hata mimi silali vizuri. Lakini mimi ni mlishaji tu. Kamuulize Bwana Tindwa."

Akarudi nyumbani. Baada ya siku kadhaa akaenda tena. Bwana Tindwa akamwambia bado kidogo, kamuulize Kombo. Kombo akamwambia silali vizuri, kamuulize Bwana Tindwa. Akaenda tena. Mlango ni ule ule, majibu ni yale yale, na kasa yuko pale pale, anagonga, anageuka. Shimo la bwawa kubwa lilikuwa limeota magugu, na mbuzi wa watu wanalala ndani yake.

Bi Mboni alichoka. Si kuchoka kwa miguu. Ni kule kuchoka kwa kuambiwa na watu wapole kwamba wanajua, wote wanajua, na hakuna anayeinua kidole. Angalau wangemkatalia, angepata wa kugombana naye.

Basi akachukua kigoda, akakiweka mbele ya mlango wa Jumba, akakaa. Kila aliyefika alimwambia, "Ukiingia, mtazame kasa puani. Halafu ukitoka uniambie umeona nini." Watu waliingia wakicheka, wakatoka kimya. Wengine hawakurudi tena. Wazazi wa chekechea nao wakaleta vigoda vyao. Mlango ukajaa watu waliokaa, na ndani hamna mtu.

Mwishowe Bwana Tindwa akatoka nje. "Mwalimu, umenishinda. Mchukueni, mrudisheni baharini."

Kombo alipopata habari alikuja mbio, mikono imelowa. "Dada, nakusihi, bado. Hajui kujitafutia chakula. Nimeanza kumwachia ngisi chini ya tangi ili ajifunze kuokota mwenyewe. Nivumilie mpaka masika yapite."

"Bado," akasema Bi Mboni. "Kombo, neno hilo nimelisikia mpaka masikio yamekufa ganzi. Bwawa bado, tangi bado, na leo wewe bado. Ulikuwa wapi na hayo mafunzo yako nilipokuja mara ya kwanza?"

Kombo akainamisha kichwa.

Kasa akabebwa mpaka ufukweni, mji mzima unafuata. Alipoguswa na wimbi alisimama kidogo, kama asiyeamini kwamba mbele hakuna kioo. Kisha akapiga mapezi yake, akapotea. Watoto wakapunga mikono. Bi Mboni alilia, na hakujali nani anamtazama.

Haikupita muda, mabaharia wakaanza kusimulia habari ya kasa asiyeogopa watu. Anazifuata boti, anainua kichwa, anafungua mdomo akingoja kupewa. Wengine walimpa. Wengine walimfukuza kwa kasia, naye akarudi. Asubuhi moja aliifuata boti ya mashine. Panga la mashine likampasua gamba, na maji yakamtupa ufukweni, amekufa.

Watu wa mji wakakutana katika ukumbi wa shule, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

Bwana Tindwa akasema, "Bila mimi kasa huyu angekuwa kitoweo zamani. Mimi nilimpa maisha. Kombo ndiye aliyemzoesha mikono, na Mwalimu ndiye aliyemtoa kabla ya wakati."

Kombo akasema, "Bila mimi angekufa kwa njaa ndani ya tangi. Kama si mkono wangu angekula nini? Bwana Tindwa ndiye aliyemfungia asijifunze kitu, na dada ndiye aliyenikatalia nilipomwomba muda."

Bi Mboni akasimama. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno yake, na sasa yalitoka makavu. "Bila mimi angegonga kile kioo mpaka leo. Kombo alikuwa na muda wote ule, akaukumbuka siku ya mwisho. Bwana Tindwa alikuwa na shimo, akawaachia mbuzi. Mnasema niliharakisha. Ningengoja nini, na kwa nani?" Akamtazama Kombo. "Lakini ni kweli, Kombo aliniomba, nami sikumsikiliza. Nilikuwa nimechoka kusikiliza."

Kabla hawajaamua lolote, wavuvi wakaingia wamebeba kasa mwingine, mdogo, wavu umemkaba shingoni na pezi moja limekatika. Yu hai. Wakamlaza sakafuni katikati ya ukumbi.

Wote watatu wakamkimbilia. Bwana Tindwa akawazuia watu wasimkanyage. Kombo akapiga magoti akaanza kuukata wavu. Bi Mboni akamwagia maji, huku akiwauliza wenzake, "Safari hii atakaa wapi? Mpaka lini? Nijibuni sasa hivi, kabla hajainuliwa hapo." Na wale wawili, kama kawaida yao, wakatazamana.

Watu wa mji wakasema, yule wa kwanza alivutwa na mikono mitatu, kila mmoja na upande wake. Huyu atakuwa chini ya mtu mmoja, na neno la mtu huyo ndilo la mwisho: akae, atibiwe, au aende.

Haya, kasa yuko sakafuni na anahema. Kuna aliyemwokoa wa kwanza kisha akamsahau. Kuna aliyemponya kisha akamlemaza. Kuna aliyemfungulia kisha akamwua. Nyinyi mlioketi hapa, je, huyu mngempa nani?