Kiti cha Bibi Bronka

Kisa ninacho! Semeni: kilete! Haya. Hapo kale, mimi bibi yenu sijaota hata jino, Wapolandi walivuka maji wakafika Marekani, kwenye mji wa viwanda. Wakajenga mtaa, tofali kwa tofali. Wakajenga kanisa, tofali kwa tofali. Na Bibi Bronka, mjane, akajenga nyumba yake, tofali kwa tofali. Acha kucheka wewe, hapa hapana cha kuchekesha!

Watu wale walikuwa na desturi. Mkesha wa Krismasi, nyota ya kwanza ikichomoza, huandaa vyakula kumi na viwili, na mezani huacha kiti kimoja kitupu. Ni cha mgeni yeyote atakayebisha hodi.

Mwaka huo hodi ikabishwa. Bwana mmoja wa manispaa, mkononi ana utepe wa kupimia.

"Napita tu, mama. Napima barabara."

"Ingia, mwanangu. Kiti chako hiki hapa."

Akaletewa supu, akala. Akaletewa samaki, akala. Akaletewa kabichi, akala. Bronka akammegea mkate uliobarikiwa, akamwombea heri. Bwana akafuta mdomo, akaaga, akaenda zake.

Theluji ilipoyeyuka, barua zikaja: mtaa wote utabomolewa, ipite barabara kuu. Na sahihi ya nani? Ya yule yule aliyekula! Hadi leo nikisimulia, damu inanichemka.

Bronka akakibeba kile kiti hadi ofisini kwa yule bwana, akakibwaga mbele ya meza.

"Ulikaa hapa! Ulijua, na mdomo umejaa samaki wangu!"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Na kula ulitumwa?"

Bwana akainamia karatasi zake. Mtu asiye na haya! Bronka akakibeba tena kiti chake, akaondoka.

Nyumba ikabomolewa. Kanisa likabomolewa. Krismasi iliyofuata, kwenye chumba cha kupanga, Bronka akaandaa meza, akaweka kile kiti kitupu. Jirani yake Genia akafoka:

"Bado tu? Kitie motoni hicho!"

Bronka akapiga meza, sahani zikaruka. "Nyumba yangu ameibomoa. Nikikiondoa na hiki, nitakuwa nimemsaidia kubomoa. Kaa ule!"

Basi, wajukuu, mgeni mkaribisheni, lakini muulizeni utepe ni wa nini. Akiwadhulumu, kasirikeni, tena kwa sauti, ila asiwafanye mkawa kama yeye. Kisa nimekitua hapo. Mwenye mabega akibebe.